Neno Lililomaanisha Kushiba

Kagoma, Jumatatu, 26 Februari 2024

Masika yameanza leo saa nane mchana, katikati ya kipindi changu cha kidato cha pili. Bati lilipiga kelele hadi nikaacha kusema, nikawa naandika tu ubaoni maneno ya hisia: happy, angry, sad, satisfied. Mvua ilipopungua, Nancy wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Madamu, hilo la sad na la satisfied yana undugu? Yameanza sawa."

Darasa likacheka. Nikamwambia maneno mengi huanza sawa, Mwita na Mwijage si ndugu. Wakacheka tena, yeye akakaa. Nimefundisha Kiingereza miaka kumi na nane na nimemjibu mtoto kwa mzaha kwa sababu sikujua jibu.

Jumanne, 27 Februari

Mvua. Mama amekula kidogo. Kwaresima.

Jumapili, 3 Machi

Kaka yangu Byabato amekuja kutoka Bukoba, na siku imeharibika.

Alifika na pikipiki yake saa nne, tope hadi magotini, akatukuta mimi na mama tumetoka misa ya kwanza. Hakukaa hata kidogo. Akapita moja kwa moja kwenye kibanja, shamba letu la nyumbani, akazunguka migomba na panga lake, akarudi na kipande cha mgomba mkononi. Ndani kulikuwa kunatoka usaha wa manjano.

"Mama, huu ni mnyauko," alisema. "Umeshaingia hadi karibu na kaburi la baba. Nipe wiki moja niikate yote na kuing'oa. Wewe na Joanitha mje kwangu Buhembe. Msimu ujao tutapanda miche safi."

Mama alikuwa anavua viatu vya kanisani. Hakuinua kichwa.

"Sikati."

"Usipokata itakufa yenyewe."

"Basi ife yenyewe. Nimesema sikati."

Wakabishana kwa Kihaya, sauti ya kaka ikipanda, ya mama ikibaki palepale. Mimi nilikuwa upande wa mama. Namjua Byabato. Kibanja chetu kiko kandokando ya barabara ya lami, na viwanja vya barabarani vinatafutwa siku hizi. Mtoto wa kiume ndiye mrithi, hilo ukoo mzima unalijua, na mimi niliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, bila mtoto, ninaishi hapa kwa sababu mama yupo. Niliona ana haraka.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Akasema, "Mama amekonda."

"Ni Kwaresima. Wewe unamwona mara moja kwa mwezi, mimi namwona kila siku."

Alinitazama kwa muda, kofia ya pikipiki mkononi, kama mtu anayetafuta pa kuanzia. Halafu akaivaa na kuondoka.

Alhamisi, 7 Machi

Nilipika ebitoke, ndizi zetu, na maharage, laini kama anavyopenda. Akala vijiko vitatu, akasukuma sahani. "Naiguta." Nimeshiba. Nikamwambia Kwaresima haikudai mtu afe njaa. Akatabasamu, akachukua jembe.

Ijumaa, 8 Machi

Mwalimu Rugemalira, mwalimu wetu wa taaluma, amepanga Siku ya Kiingereza, Ijumaa ya tarehe 19 Aprili, tukitoka likizo fupi. Wageni watatoka wilayani. Kila mwalimu wa somo atoe mada ya dakika ishirini. Nikasema, kabla sijafikiri, kwamba nitaeleza historia ya neno moja.

"Neno gani?"

"Sad."

"Huzuni, siku ya sherehe?" akasema. Lakini ameandika.

Jumamosi, 16 Machi

Bukoba. Nimekwenda kwa mwalimu wangu wa zamani, Muharami, ambaye alinifundisha Kiingereza kidato cha tatu na cha nne. Amestaafu, anaishi nyuma ya soko na mkewe Mastura, na ana kamusi kubwa ya vitabu vingi inayojaza rafu nzima, kila ukurasa na herufi ndogo kama mbegu za ufuta. Ni Ramadhani. Nilijisikia vibaya kumsumbua mzee aliyefunga, akasema mfungo wake hausumbuliwi na kusoma.

Alilipata neno, akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, akasoma kimya. Halafu akacheka peke yake.

"Huyo mtoto wako wa kidato cha pili anaitwa nani?"

"Nancy."

"Mwambie Nancy yuko sahihi. Ni ndugu kabisa. Miaka elfu moja iliyopita Mwingereza akisema yeye ni sad, alikuwa anasema ameshiba."

Nilidhani ananitania. Akanigeuzia ukurasa. Neno lilitamkwa tofauti kidogo wakati huo, lakini maana ilikuwa hiyo: kushiba, kujaa, kupata cha kutosha. Mjerumani mpaka leo akishiba hutumia neno la ukoo huohuo. Na Kilatini kilikuwa na neno lake la kutosha, satis, tawi jingine la mti huo, na ndiko ilikotoka hiyo satisfied.

"Sasa kutoka kushiba imefikaje kwenye huzuni?" nikauliza.

"Polepole. Mtu aliyeshiba sana anakuwaje?"

"Mzito."

"Ndiyo. Kwa hiyo likawa neno la uzito. Chuma kizito cha kupigia pasi, kisicho na uwazi ndani, kiliitwa hivyo. Mkate usioumuka, ukabaki umeshikana kama tofali, uliitwa hivyo. Halafu mtu mzito, asiyechezacheza, mtulivu, mtu wa kuaminika. Ilikuwa sifa nzuri. Baadaye ndipo uzito ukaingia moyoni." Akafunga kitabu na kidole ndani. "Na upande mwingine lilikuwa na maana ya kuchoshwa. Mtu ameshiba kitu, hakitaki tena. Hata sisi tunasema, nimeshiba maneno yako."

Mastura akasema kutoka jikoni, "Hilo huniambia mimi kila siku."

Nikaandika kurasa nne. Kabla sijaondoka Mwalimu alisema jambo ambalo nimelipigia mstari. Alisema neno halibadiliki kwa siku moja kama serikali. Kulikuwa na miaka mingi, pengine vizazi kadhaa, ambapo maana zote mbili zilikuwa hai, na mtu aliweza kusema neno hilo mezani na wenzake wasijue kama ameshiba au amechoka.

Nimerudi na furaha niliyokuwa sijaisikia tangu chuoni. Mama alikuwa amekaa barazani. Uji niliomwachia asubuhi ulikuwa umejaa kikombe, umeganda ngozi juu.

"Naiguta," alisema kabla sijauliza.

Nikamwaga uji. Nikakaa kuandika mada.

Jumatano, 20 Machi

Mvua siku nne mfululizo. Migomba sita mingine imepinda majani. Mama anaipitia kila asubuhi, anagusa mkungu mmojammoja kama mtu anayehesabu kuku. Nimemuuliza anatafuta nini. Anasema anaangalia itakayokomaa.

Jumapili, 24 Machi

Matawi. Tumetembea kwenda kanisani, na mama amepumzika njiani mara tatu. Kitenge anakizungusha kiunoni mara mbili sasa. Nimesema tupande bodaboda kurudi, akakubali. Mama hajawahi kukubali bodaboda.

Nimeandika hapo juu kwamba mimi namwona kila siku.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Nimechinja jogoo. Nilisema moyoni: leo mfungo umekwisha, leo atakula.

Alikunywa mchuzi, taratibu, akiinua shingo kila anapomeza, kama ndege anywavyo. Paja hakuligusa. Alisema ni meno. Nikamkatia vipande vidogo. Akatia kimoja mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu, akatoka nje kuelekea nyuma ya jiko. Nilimfuata baada ya dakika chache. Alikuwa anajifuta mdomo kwa pindo la kanga.

"Umetapika?"

"Mchuzi ulikuwa wa moto."

Byabato hakuja. Alipiga simu, akataka kuongea na mama peke yake. Mama akaenda na simu hadi kwenye mibuni na kukaa huko robo saa. Nikawaza: wanazungumza habari ya kibanja.

Ijumaa, 5 Aprili

Likizo. Mada imefika kurasa kumi. Nimetafuta mifano hai ili wanafunzi waelewe, na nimeandika sentensi hii ambayo nimeipenda: "Kabla halijawa neno la anayelia, lilikuwa neno la anayesukuma sahani."

Jumanne, 9 Aprili

Nimemgombeza mama. Sikutaka. Nilikuwa nimepika mara mbili, viazi halafu wali, vyote vimerudi. Nikasema, "Kama chakula changu hukitaki, sema. Usiniambie umeshiba, utashibaje kwa hewa?" Akasema, "Mwanangu, kaa chini, andika." Akachukua sahani zote mbili akaenda kuziosha mwenyewe.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Zabibu, jirani yetu mwenye duka pale barabarani, ametuletea pilau. Mama alimshukuru sana, akaifunika vizuri kwa sahani. Jioni niliila mimi.

Jumamosi, 20 Aprili

Naandika haya hospitalini Bukoba, kwenye benchi. Naandika ya jana.

Siku ya Kiingereza ilikwenda vizuri. Wageni walikuja, wanafunzi waliimba, mvua ikangoja. Nilisimama mbele ya watu mia nne, nikawaeleza safari ya neno moja kutoka tumboni hadi moyoni. Nilipofika kwenye mkate usioumuka walicheka. Nilipofika kwenye sentensi yangu ya sahani, kulikuwa kimya, kimya kile mwalimu anachokitafuta maisha yake yote. Nikamwita Nancy asimame, nikasema mbele ya wote kwamba swali lilikuwa lake na kwamba mimi nilimjibu vibaya. Wakapiga makofi. Rugemalira alinipa mkono, akasema nimemfanya awaze.

Nilipotoka kwenye jukwaa simu ilikuwa na miito kumi na mmoja. Yote ya Zabibu.

Alikuwa amepita nyumbani kuchukua vyombo vyake vya Idi. Alimkuta mama sakafuni jikoni, amekwamwa na uji. Si ugali, si nyama. Uji. Alikuwa hawezi kupumua, macho yametoka. Zabibu akamwinamisha, akampiga mgongoni hadi ukatoka. Nilipofika nyumbani mama alikuwa amekaa ameegemea ukuta, shingo imelowa, anatetemeka. Nilimvua blauzi yake kumbadilisha. Sijamwona mama bila nguo tangu nikiwa mtoto. Mbavu zake zote zilikuwa pale. Mabega kama kibao cha kuanikia kahawa. Mkono wangu mmoja ulizunguka mkono wake wa juu, kidole kikakutana na kidole.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

Akavuta kanga kifuani.

"Mawe, mama yangu, tangu lini humezi?"

"Kabla ya Krismasi," alisema.

Miezi minne. Nilikaa naye meza moja miezi minne. Mara tatu kwa siku aliniambia neno moja, na mimi nilikuwa nasafiri hadi Bukoba kutafuta maana yake kwenye vitabu vya Waingereza. Nilikuwa na kurasa kumi. Nilipigiwa makofi.



Jumanne, 23 Aprili

Bukoba wametuandikia kwenda Mwanza kwa kipimo cha kamera.

Ijumaa, 26 Aprili

Mwanza. Joto. Daktari ni kijana, ana adabu, alituita mimi na Byabato pembeni. Uvimbe kwenye njia ya chakula, mkubwa, umeshagusa ini. Upasuaji haufai tena. Wanaweza kumwekea mpira tumboni apitishiwe chakula, ataishi wiki chache zaidi. Nikamuuliza kama tungewahi Desemba ingekuwaje. Akasema, "Dada, hilo swali halitakusaidia." Basi nimelijua jibu.

Tukamwambia mama. Alisikiliza, akamwuliza daktari kwa Kiswahili chake cha shule ya msingi, "Huo mpira, nikiwa nao naweza kurudi Kagoma?" Daktari akasema si mara moja. "Basi sitaki," mama alisema. "Nashukuru."

Jumatatu, 29 Aprili

Tuko nyumbani. Byabato amekuja na begi. Amesema kazi za umeme zitangoja.

Jumatano, 1 Mei

Mvua. Mama amepata vijiko vitano vya maji ya mchele.

Ijumaa, 3 Mei

Vijiko vinne.

Jumapili, 5 Mei

Nataka kuandika juu ya kaka yangu, kwa sababu nimemwandika vibaya humu.

Yeye ndiye anayemlisha. Mimi namharakisha, namwaga. Byabato anakaa nyuma yake kitandani, anamwegemeza kifuani, anachovya kijiko, anangoja. Anaweza kungoja dakika tano kati ya kijiko na kijiko bila kusema neno. Hamhimizi. Akikataa, anaweka kijiko chini, anampangusa, basi. Jana nilimkuta amelala hivyohivyo, amekaa, mama kifuani, vidole vyake vya ufundi vyenye makovu vimeshika kikombe kisimwagike.

Mimi ndiye ninayeuliza. Unaumwa wapi, ukimeza inakwama juu au chini, jana ilikuwa nafuu kuliko leo. Mama hufumba macho. Nimegundua hufumba macho nikiingia mimi.

Jumatano, 8 Mei

Senene wameanguka mjini, Zabibu anasema, wachache nje ya msimu wao. Alikaanga, akaleta. Mama aliomba bakuli liwekwe karibu na mto wake. Alinusa tu.

Ijumaa, 10 Mei

Maji hayapiti. Tunamlowesha midomo kwa pamba. Padre amekuja.

Nilikaa na mama peke yangu mchana, kaka akiwa kisimani. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Sauti imeisha, ilibidi niiname.

"Ulikuwa na kazi zako," alisema.

"Kazi gani kubwa kuliko wewe?"

Alifikiri. Naapa alifikiri kweli, kama mtu anayetaka kuwa wa haki. Halafu akasema, "Nenda kaangalie ule mkungu karibu na mbuni mkubwa. Kama umekomaa."

Nilikwenda. Nilirudi nikamwambia umekomaa. Akapumua kama aliyetua mzigo.

Jumanne, 14 Mei

Saa kumi na moja na nusu asubuhi. Byabato alikuwa amemshika. Mimi nilikuwa nawasha moto.

Jumapili, 19 Mei

Mazishi yalikuwa Alhamisi. Naandika leo kwa sababu watu wamepungua.

Kwetu waliofika msibani hula kutoka kibanja cha marehemu. Ndivyo ilivyokuwa kwa baba, ndivyo ilivyokuwa kwa bibi. Alfajiri ya Alhamisi kaka na vijana wa ukoo walikata mikungu yote iliyokuwa imesimama, ile aliyokuwa akiigusa mama kila asubuhi, kumi na tisa. Kwa nje ilikuwa mizuri, mikubwa, ya kijani. Wanawake wakakaa uani kwenye majani kumenya. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Wa kwanza aliyemenya akasimama na kisu, akatazama, akachukua ndizi nyingine. Kisha mwingine. Nilimenya yangu: ndani ilikuwa kahawia, ngumu, inanuka. Nikamenya ya pili, ya tatu, nikahamia mkungu mwingine, nikawa nakata tu, nakata, nikitafuta hata moja nyeupe. Mama mmoja akanishika mkono akaninyang'anya kisu taratibu.

Kati ya mikungu kumi na tisa, uliofaa ni mmoja, ule wa karibu na mbuni mkubwa.

Jirani mmoja akaondoka bila kuaga. Halafu mwingine. Nilidhani wanakwenda kwao kwa aibu ya kutuona. Baada ya nusu saa wakaanza kurudi kwenye njia ya tope, na ndizi kichwani, mkungu mmoja, miwili, kutoka vibanja vyao, na wengine vyao vimeugua kama chetu. Zabibu akaleta mchele wa duka. Watu wakala. Mimi na kaka tulikaa karibu na udongo mpya, na hatukuweza kuwatazama usoni.

Jumatano, 22 Mei

Leo ukoo umekaa. Kibanja kimepewa Byabato, kama nilivyojua. Walipoondoka alikuja kukaa nami barazani. Alikuwa na jambo, na alilisema akitazama mvua.

"Mama aliniambia Januari."

Sikuelewa. "Alikuambia nini?"

"Kwamba chakula hakipiti. Kwamba anajua ni nini, kwa sababu ndiyo iliyomuua mama yake. Aliniapisha nisikuambie."

Nilimwuliza kwa nini yeye na si mimi. Nikamshikilia, nikamwuliza tena na tena, mpaka akageuka.

"Alisema wewe ungemwuliza maswali. Alisema, Joanitha atataka nimweleze, na mimi sina nguvu za kueleza. Alitaka mtu wa kunyamaza naye."

Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye bati.

"Ile siku ya Machi," nikasema, "ulipotaka kukata migomba, ukasema tuje Buhembe."

"Nilifikiri nikiwapata Buhembe, ungemwona mbali na hapa, ungeshtuka mwenyewe, mngeenda hospitali, na mimi ningekuwa sijavunja kiapo. Nilikuambia amekonda. Nilifikiri hiyo itatosha."

"Na yeye alikataa kukata."

"Aliniambia siku ile kwenye simu, Pasaka. Alisema, ukikata, nikifa watu watakula nini?"

Alianza kulia. Kaka yangu ana miaka arobaini na sita, sijawahi kumwona hivyo, hata baba alipokufa. Alisema alipaswa kuvunja kiapo. Alisema Januari, Februari, pengine angepona. Nilijua kwamba mtu mwema angemwambia hapana, si kosa lako. Sikuweza. Nilikuwa namchukia, kwa dakika nzima nilimchukia kabisa, na baada ya hapo nikakumbuka nani aliyekuwa akikaa naye mezani.

Niliweka mkono wangu begani mwake. Hilo tu ndilo nililoweza.

Jumatatu, 27 Mei

Tumeanza kukata. Byabato anapitisha panga kwenye moto baada ya kila mgomba, kama mabwana shamba wanavyoelekeza, mimi nachimbua visiki. Amesema nikae hapa muda wote ninaotaka, ataandika mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Nimemshukuru. Sijui kama nataka.

Alhamisi, 30 Mei

Tunakata. Tope, inzi, harufu. Jioni hatuongei.

Ijumaa, 31 Mei

Shule imefunga. Nimepeleka alama, nimerudi mapema. Nancy alinisubiri getini kunipa pole, akasimama tu, hakuuliza chochote. Ameshakuwa na akili kuliko mimi.

Mgomba wa mwisho umeanguka saa saba mchana. Byabato amerudi Buhembe kwa wanawe, atakuja Jumapili. Nimekaa barazani peke yangu. Maisha yangu yote nyumba hii imekuwa ndani ya migomba, ukikaa hapa huoni barabara na barabara haikuoni. Leo hakuna kitu kati yetu. Ni udongo mweusi hadi kwenye lami, mibuni michache, na makaburi mawili yamesimama wazi kama watu waliovuliwa nguo. Kila anayepita anageuza kichwa.

Kama saa kumi akapita mwanamke mmoja na mwavuli, mzee, simjui. Akasimama, akashangaa kibanja, akaniona, akapaza sauti kwa Kihaya. Alisema yeye ni mtu wa Kamachumu, alisoma darasa moja na Kokugonza, ndilo jina la mama, hajapita huku miaka mitatu. Yuko ndani? Hajambo?

Tangu siku ile kila mtu amenisemea. Padre alisema ametangulia. Mwenyekiti alisema ametutoka. Rugemalira aliwatangazia wanafunzi kwamba mama yake madamu amepumzika. Zabibu alisema Mungu amemchukua. Nilikuwa naitikia kwa kichwa.

Nikasimama, nikashuka ngazi, nikavuka ule udongo hadi barabarani ili nisilazimike kupaza sauti. Alikuwa ananitazama huku akitabasamu.

"Amekufa," nikamwambia.